Dokta, nnywe unga wa kolajeni au nile pweza?

Toleo lililopita tulizungumza kuhusu ugumba wa wanaume, na katikati ya makala nikatupia sentensi moja tu kwamba nyama ya korodani imeshikiliwa na protini zake maalumu na zikivurugika hizo basi mbegu nazo hazitoki vizuri. Sentensi hiyo moja ndo iliojaza simu ya ofisi. Wengi mnataka kujua hizo protini zinauzwa wapi, kuna alouliza kama Darajani zinapatikana, na kuna waloleta maswali mazito ya kukaa chini. Nimechagua haya, majina nimeyaficha, na maneno mengine nimeyapunguza ukali manake gazeti hili linasomwa mpaka sebuleni mbele ya wakwe.

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Samahani kwa kukuandikia mambo haya weye mwanamke ila sina pa kwenda. Nna miaka 36, nimeoa mwaka wa sita huu hatujajaaliwa. Nlipima manii Unguja mara mbili hamna mbegu hata moja, nkaenda Dar wakanifanyia baiopsi, wakachukua kinyama kidogo cha korodani. Karatasi imeandika kuta za mirija zimenenepa, kolajeni imezidi, na baadhi ya mirija imekuwa makovu matupu. Sasa rafiki yangu yuko Dubai kanambia kolajeni ni protini, kanitumia makopo mawili ya unga wake na nshaanza kunywa. Je nnywe vijiko vingapi kwa siku na itachukua muda gani mpaka mbegu zije? (Msubiri, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Samahani ya nini, korodani nimezisomea kama nlivyosomea moyo na mapafu. Hebu irudie karatasi yako taratibu, imeandikwa kolajeni IMEZIDI. Yaani watu wa maabara wamekwambia unayo nyingi pahala isipotakiwa kuwa nyingi, weye ukaenda kuongeza nyengine kwa kijiko. Nacheka lakini sikucheki weye, namcheka huyo rafiki yako wa Dubai.

Ila usitie hofu, unga huo hauna njia ya kufika huko. Protini yoyote unayokula, iwe kolajeni ya kopo, iwe changu wa kukaanga, iwe maharage, tumbo na utumbo zinaikatakata mpaka inakuwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, vinaingia kwenye damu, na kuanzia hapo mwili wenyewe ndo unaamua, hichi kijenge damu, hichi kijenge ngozi, hichi kichomwe kiwe nguvu. Hakuna protini inayotoka mdomoni ikashuka moja kwa moja kwenye korodani kwa vile tu majina yanafanana. Kwa hiyo haikuzidishii ugonjwa wala haikuponyi, ni kitoweo tu, kitoweo cha bei mbaya.

Sasa twende ndani kwenyewe, manake bila ya kuijua nyama hii ilivyojengwa hutoielewa hiyo karatasi. Korodani moja imegawika vyumba vidogo vidogo kama 250 hivi, na kila chumba kina mrija mmoja mpaka minne iliojikunja kunja, myembamba kama uzi wa cherehani, kiasi ambacho ukiikunjua yote ukaiunga unapata mamia ya mita. Ndani ya mirija hiyo ndo mbegu zinapotengenezwa, kwa mtu mzima mwenye afya ni makumi ya mamilioni kila siku, na mbegu moja inachukua siku kama 64 mpaka 74 kutoka inapoanza mpaka iwe na kichwa na mkia, alafu inatoka inakwenda kwenye mrija wa nyuma ya korodani kukomaa siku kadhaa tena. Ndo maana mtu akiacha sigara leo hatuwezi kumpima wiki ijayo tukaona tofauti, tunamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Kila mrija una ukuta wake na huo ukuta ndo karatasi yako inausema. Upande wa ndani pana utando mwembamba sana uliosukwa kwa laminini na kolajeni ya aina ya 4, na seli zote za ndani zimekaa juu ya utando huo. Nje yake pana seli bapa zenye aktini, protini ile ile inayofanya msuli ukaze. Panya ana tabaka moja tu la seli hizo, sisi binadamu tunazo kadhaa, na baina ya tabaka na tabaka pana nyuzi za kolajeni ya aina ya 1 na ya 3. Kolajeni ifikirie kamba ya usumba, nyuzi chache zilopangika vizuri zinashikilia chombo na bado zinanepa, lakini zirundike ovyo moja juu ya nyengine mpaka ziwe bonge, hazinepi tena wala hakipiti kitu katikati yake.

Na hapa ndo penye balaa lenyewe. Ndani ya mrija hamna mshipa wa damu hata mmoja. Oksijeni, chakula, homoni, kila kitu lazima kipenye ukutani, sasa ukuta ukinenepa ukawa kovu seli za ndani zinakaa na njaa na homoni inabaki nje inapiga hodi. La pili, mbegu zikiwa bado ndani ya korodani hazijui kuogelea, watu wengi hawalijui hili, zinasukumwa tu na zile seli za aktini zinazokaza na kulegea, kwa hiyo ukuta ukishakuwa mgumu hata mbegu chache zilizopo zinakosa wa kuzisukuma.

Kuna na wenyeji wengine humo ndani lazima niwataje, nao ni seli za Sertoli. Enrico Sertoli, daktari wa Italia, alizieleza mwaka 1865 na mpaka leo ndo zinabeba jina lake. Ni seli ndefu, zimesimama kutoka ukutani mpaka katikati ya mrija, zimeshikiliwa na nyuzi za vimentini, na mbegu changa zinalelewa ubavuni mwao zikipanda juu kidogo kidogo kadiri zinavyokomaa. Seli hizi zimeungana zenyewe kwa zenyewe kwa protini kama klaudini na okludini, zimeziba kabisa, damu ya nje haichanganyiki na mbegu za ndani. Na si bure, mbegu zinaanza kutoka mtu anapobaleghe, wakati huo kinga ya mwili ishamaliza zamani kujifunza nani mwenyeji nani mgeni, sasa ikiziona mbegu inaziona wageni na inaweza kuzishambulia. Kizuizi hicho kikipasuka kwa kipigo, kwa korodani kujinyonga au kwa maradhi, wako wanaume wanaotengeneza kinga dhidi ya mbegu zao wenyewe.

Sasa kwako weye. Ukuta haunenepi bila ya sababu, na karatasi ya baiopsi inasema kilichopo haisemi kilicholeta. Mkumbushe daktari wako mambo haya: ulizaliwa na korodani moja haijashuka? Uliwahi kuumwa matubwitubwi ukiwa kijana ushabaleghe na korodani zikavimba? Una mishipa ilovimba juu ya korodani, varikosili, khasa upande wa kushoto? Uliwahi kupata matibabu ya saratani? Na kama hujapimwa kromosomu, omba upimwe. Takriban mwanamme mmoja katika 600 anazaliwa na kromosomu X ya ziada, Dokta Harry Klinefelter wa Marekani aliwaeleza wanaume hawa mwaka 1942, ni watu wazima kama weye na mimi, wanaoa, wanafanya kazi, wengi wanajijua siku wanapotafuta mtoto tu, na korodani zao zinakuwa ndogo na ngumu kwa sababu ya huku huku kunenepa kwa kuta.

Dawa ya kuyeyusha kolajeni iloganda kwenye korodani haipo, atakayekwambia anayo muulize kwanza nani aliyethibitisha. Lakini soma tena, karatasi imesema BAADHI ya mirija. Korodani haiharibiki sawasawa, mrija huu unaweza kuwa kovu tupu na wa jirani yake bado unatengeneza mbegu mbili tatu ambazo haziwezi kufika nje. Kuna upasuaji wa kutumia hadubini ambapo daktari anaitafuta mirija minene iliojaa, anaivuta hiyo, na kwa watu wasiotoa mbegu kwa sababu kama yako takriban nusu yao au chini kidogo huwa wanapatikana na mbegu. Mbegu hiyo inaingizwa kwenye yai la mke kwa sindano maabara, njia hiyo watoto wake wa mwanzo walizaliwa mwaka 1992 Ubelgiji. Ni ghali, sikufichi, na si kila hospitali inafanya. Kwa upande wa dini wanavyuoni wengi wa Kisunni wanaikubali madhali mbegu ni ya mume, yai ni la mke na ndoa ipo, ila hilo kamuulize sheikhe wako asije akasema dokta kamuingilia kazi yake. Na usikubali mtu akudunge sindano ya testosteroni "kukuamsha". Sababu yake utaikuta kwenye swali la huyo kijana wa gym hapo chini.

SWALI: Dokta mie nimeolewa mwaka wa nne, mavyaa ananisema kila nkienda, sasa anamtafutia mwanawe mke mwengine. Nimepima kila kitu mpaka mirija ilipigwa picha, sina tatizo. Mume wangu hataki kabisa kupima, anasema nguvu anazo na manii yanatoka mengi kwa hiyo yeye mzima. Mie nifanyeje? (Nimechoka, Jang'ombe)

JIBU: Shoga yangu, mwambie hivi, au mpe gazeti alisome mwenyewe ukiwa jikoni. Korodani ina wafanyakazi wa aina mbili na hawakai chumba kimoja. Seli za Leydig ziko nje ya mirija, katikati ya mrija na mrija, kazi yao ni homoni ya testosteroni, ndo inayoleta ndevu, sauti na hamu. Mbegu zinatengenezwa ndani ya mirija. Mwanamme anaweza kuwa Leydig zake zinafanya kazi saa ishirini na nne, nguvu anazo mpaka za kugawa, na ndani ya mirija hamna kitu. Huyo kaka wa Wete hapo juu nguvu hazijampungua, hajalalamika hata mstari mmoja.

Na hayo manii mengi anayojivunia, mbegu ni asilimia chache tu humo, yalobaki ni maji kutoka kwenye tezi dume na vifuko vya manii, kwa hiyo kwa macho huwezi kujua kitu, mwenye mbegu milioni 200 na asiye na hata moja manii yao yanafanana. Lazima hadubini.

Shirika la Afya Duniani walitoa ripoti mwaka 2023, mtu mmoja katika kila sita anapitia shida hii wakati fulani wa maisha yake, na kwenye ndoa zisizopata mtoto karibu nusu yake mume ana mchango, ama peke yake ama pamoja na mke. Mwaka mmoja wa kukutana bila ya kuzuia ukipita bila ya mimba wanapimwa wote wawili, na mke akiwa miaka 35 na zaidi hamsubiri mwaka, miezi sita inatosha. Kipimo cha mume ndo rahisi kuliko vyote, hakina sindano wala mkasi. Weye umepigwa picha ya mirija, najua ile inavyouma, yeye anaogopa kikopo.

Akikataa kabisa mtafute mtu anayemuheshimu, mjomba au rafiki yake aliyepima, wanaume wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Na huyo mke mwengine, ikiwa tatizo ni la mume, mavyaa atakuja kumsema na yeye vile vile.

SWALI: Mambo dokta, mi nafanya gym Kiembesamaki miaka miwili sasa, kuna sindano tunapiga na mwili umejaa fresh kabisa. Ila naona korodani zimekuwa ndogo kama za mtoto. Ni kawaida au protini haitoshi? (Chuma)

JIBU: Sio protini. Sindano hizo ni testosteroni au jamaa zake. Kichwani mwako pana tezi inayotuma homoni mbili kwenda kwenye korodani, moja inaziamuru Leydig zitengeneze testosteroni na nyengine inawapa kazi Sertoli. Tezi ikiona testosteroni imejaa kwenye damu inasema basi kazi imekwisha, inafunga. Na kumbuka testosteroni ndani ya korodani inatakiwa iwe mara nyingi zaidi kuliko ilioko kwenye damu ndo mbegu zitoke, sindano yako haifikishi kiwango hicho, inajaza mikono tu. Mirija inakosa mbegu, inasinyaa, na korodani inakuwa ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya ujazo wake ni mirija hiyo.

Jambo hili linajulikana kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani walilijaribu kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, matokeo yakatoka mwaka 1990, sindano ya kila wiki iliwafikisha zaidi ya nusu ya wanaume kwenye sifuri ndani ya miezi sita. Kwa hiyo weye uko kwenye uzazi wa mpango na hujaambiwa. Acha, muone daktari wa homoni usiache kimya kimya ukaishia na unyonge wa miezi, na wengi mbegu zinarudi lakini inaweza kuchukua nusu mwaka mpaka mwaka na zaidi, na alopiga miaka mingi anasubiri zaidi ya alopiga miezi. Unga wa protini wa kawaida kunywa ukitaka, ila soma kopo, mengine yanachanganywa vitu visivyoandikwa.

SWALI: Mume wangu kapima, mbegu ziko milioni 60 kwa mililita ila zote hazitembei, sifuri kabisa. Wamesema zimekufa. Yeye tokea mdogo ana kikohozi na mafua yasiyokwisha, sijui kama vinahusiana. (Mke wa Makunduchi)

JIBU: Weye umeuliza swali ambalo wengine wangeliruka, kikohozi na mbegu. Vinaweza kuhusiana sana.

Mkia wa mbegu ndani yake una fito za tubulini, protini, zimepangika jozi tisa pembeni na mbili katikati. Kwenye zile jozi tisa kuna vikono vidogo vya protini nyengine, dineini, vinavuta fito moja dhidi ya nyengine na ndo mkia unapiga. Vinyweleo vinavyosafisha kohozi kwenye mapafu na puani vina mpango huo huo, tisa na mbili, na vikono hivyo hivyo. Mtu akizaliwa hana vikono, mkia haupigi na vinyweleo havifagii, kohozi linakaa, mafua hayaishi. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden aliangalia mbegu za wanaume wa aina hii kwa hadubini ya elektroni akakuta vikono havipo. Na cha ajabu zaidi, karibu nusu ya watu hawa moyo wao uko kulia badala ya kushoto. Mwambie akapige eksirei ya kifua na daktari amsikilize moyo upande wa kulia.

Sasa hilo neno "zimekufa". Kutotembea na kufa ni vitu viwili. Kuna kipimo cha rangi, mbegu iliokufa inaingiwa na rangi na ilio hai inaikataa, ombeni kifanywe. Zikiwa hai zimelemaa tu, ile sindano ya kuingiza mbegu moja kwenye yai inafanya kazi, manake pale mbegu haihitaji kuogelea hata hatua moja. Zikiwa zote zimekufa kweli basi tunaangalia kwengine, kama maambukizi au sampuli iliokaa muda mrefu kabla ya kupimwa, na hilo la mwisho mie nimeliona mara nyingi kuliko maradhi yenyewe. Kwa hiyo kwanza kipimo kirudiwe.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu, korodani ya kulia haionekani. Bibi yake anasema itashuka akitahiriwa. Kweli? (Mama, Mkoani)

JIBU: Si kweli, na bibi yake mwambie kwa adabu. Korodani ambayo haijashuka mtoto akifika miezi sita mara chache sana inashuka yenyewe, na upasuaji wa kuishusha unapendekezwa kabla ya miezi 18. Weye ushachelewa kidogo lakini hujachelewa kabisa, nenda mwezi huu usingoje skuli zifungwe.

Sababu ya haraka ni hii. Mfuko wa korodani unaning'inia nje ili uwe na ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 4 chini ya mwili. Korodani iliobaki tumboni inapikwa kidogo kidogo, mbegu za awali zinapungua kuanzia mwaka wa mwanzo mwanzo, kolajeni inaanza kuzidi ukutani, na mtoto halii wala haumwi, utayajua baada ya miaka 30 akishaoa. Nyingi kati ya kuta nene ninazoziona kwa watu wazima zilianza hivi. Tena korodani hiyo ina hatari zaidi ya saratani ukubwani, ikishashushwa angalau mtu anaweza kuipapasa. Na kabla ya kuogopa, daktari amuangalie akiwa ametulia na mikono yake iwe ya moto, kuna korodani zinazopanda kwa baridi au kwa woga na kurudi zenyewe, hizo hazipasuliwi, zinaangaliwa tu mwaka hadi mwaka.

SWALI: Naona damu kwenye manii, haiumi. Nlipokuwa mdogo nlikuwa naoga sana bondeni kwenye mpunga. Na babu yetu ana busha, nauliza kama linarithiwa. (Kijana, Kinyasini)

JIBU: La mwanzo, kapime kichocho, mkojo na ukiweza manii. Kichocho cha kwetu hichi cha mkojo, mdudu wake anakaa kwenye mishipa ya kibofu na jirani zake, na mayai yanakwama kwenye vifuko vya manii na tezi dume, mwili unayazungushia kovu, kolajeni tena hiyo, na njia za manii zinaweza kuziba. Dawa ni prazikwantel, ipo na ni rahisi, lakini kovu likishakaa dawa hailifuti ndo maana tunawasumbua na vidonge skuli. Bahari haina kichocho, ni maji baridi yenye konokono. Kama kichocho hakipo damu lazima itafutiwe sababu nyengine, usinyamaze.

La pili, busha halirithiwi, linaletwa na minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Zanzibar ilianza kugawa dawa zake kwa watu wote mwaka 2001 na ndo maana nyinyi vijana hamlioni sana. Babu anaweza kupasuliwa, ni upasuaji mdogo, asione haya.

SWALI: Dokta, supu ya pweza ya Forodhani inaongeza mbegu au hatuongezei kitu? Tujibu tubishane vizuri. (Kijiwe cha Malindi)

JIBU: Pweza ana protini nzuri, ana zinki na seleniamu ambazo mwili unazihitaji kutengeneza mbegu, kwa hiyo ni chakula kizuri. Mtu aliyepungukiwa na lishe atafaidika. Mtu aliyeshiba tayari mwenye varikosili, pweza hamfanyi kitu, mishipa iko pale pale. Habasoda na asali vile vile, kuleni, ila mtu asiache kwenda kupima kwa sababu ana chupa ya habasoda. Ile mikorogo isiyo na jina inayouzwa kwenye chupa za maji mie sigusi, hamjui kilichomo.

Kama mnataka ubishani wa faida kwa mbegu zenu bishaneni kuhusu sigara, mirungi, ulevi, unene wa tumbo, na yule mwenzenu anayepakata laptopu ya moto mapajani usiku kucha.

SWALI: Mie nakaa Kojani. Nimeambiwa nipeleke manii Chake. Nkitoka hapa ni mashua kisha gari, itapita saa. Nifanyeje, niweke kwenye barafu kama samaki? (Baharia)

JIBU: Usiweke barafu hata kidogo! Ndo zile zinazofika zimelala alafu mtu anaambiwa mbegu zake hazitembei. Sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwezekana nusu saa, na ikae na joto la mwili, kwenye mfuko wa ndani wa shati au kwapani, sio kwenye kikapu.

Kwa weye wa Kojani usitoe nyumbani. Nenda Chake siku moja kabla ulale kwa jamaa, mke afuatane nawe kama inawezekana manake wengi wenu mnaona uzito kufanya peke yenu na mke akisaidia hapana ubaya, au waulize maabara kama wana chumba. Kabla ya hapo kaa siku 2 mpaka 7 hujakutana na mke, pungufu ya hapo au zaidi ya hapo vyote vinaharibu hesabu. Kikopo chukua cha hospitali, si cha jemu hata ukioshe vipi, na kondomu ya kawaida usiitumie kukusanyia manake ina dawa inayoua mbegu au kuzidhoofisha. Tone la mwanzo ndo lenye mbegu nyingi kuliko yote, likimwagika waambie, usione haya ukanyamaza, utarudia siku nyengine.

Majibu yakija usiangalie namba moja tu. Kwa kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 mpaka wa chini ni milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, zenye umbo zuri asilimia 4 tu, ndio, nne, kwa hiyo ukiona imeandikwa 96 mbovu usizimie. Namba hizo wamezichukua kwa wanaume waliowapa wake zao mimba ndani ya mwaka, na mpaka ni pale walipo asilimia 5 ya chini, kwa hiyo aliye chini yake kidogo si tasa na aliye juu yake hana hakika. Majibu yakiwa mabaya unarudia baada ya wiki kadhaa, na kama ulikuwa na homa kali miezi miwili mitatu ilopita mwambie daktari, homa inashusha mbegu kwa muda. Kikopo kiandikwe jina lako, na saa uliotoa.